Yeye wa Kukimbia, Mimi wa Kulainisha

Bosi wangu alinisifia mkono, na sifa ile ndiyo iliyoniharibia mipango. "Wewe una mkono wa taratibu," aliniambia mbele ya gereji nzima, siku niliporudisha gari lake la mbio kutoka kulijaribu. Nikacheka, nikajiona nimepata kazi. Na kweli nilikuwa nimeipata, ila sikujua kwamba kwenye timu ya mbio mtu mwenye mkono wa taratibu hupewa kazi yake maalumu, na kazi hiyo haina uhusiano na kukimbia.

Timu yenyewe ilikuwa ndogo. Gereji pale Majengo, hapa Mpanda, bosi mwenye gereji na malori yake ya mahindi, mafundi, gari moja dogo ambalo bosi alilijenga mwenyewe kwa mabaki ya magari mengine, na madereva wawili, yaani mimi na mwenzangu. Mbio zetu si zile mnazoziona kwenye televisheni. Zetu ni za vumbi. Shamba likishavunwa linachongwa njia ya mzunguko kwa greda, watu wanajipanga pembeni na miavuli yao, na magari yanazunguka mpaka bendera ishuke. Ndani ya gari dereva yuko peke yake. Kiti cha abiria kilishang'olewa, redio ikang'olewa, hata vioo vya milango viling'olewa ili gari liwe jepesi.

Sasa kulainisha. Injini ikishushwa na kufungwa upya, vyuma vyake vinakuwa havijazoeana. Ukiikimbiza hivyohivyo inajila yenyewe. Inatakiwa iendeshwe polepole siku kadhaa, bila kukanyaga mafuta kwa ghafla, mpaka iwe laini. Hilo kila fundi analijua. Lakini bosi wangu alikuwa ameongeza imani yake mwenyewe juu ya hapo. Aliamini kwamba injini inashika tabia ya mtu wa kwanza kuiendesha. Ikianzwa na mtu wa pupa, itakuwa na pupa na itakufa mapema. Ikianzwa na mtulivu, itavumilia hata ikiangukia mikononi mwa kichaa. Mtulivu nilikuwa mimi. Kichaa alikuwa mwenzangu.

Kwa hiyo nilikuwa natoka Majengo asubuhi na gari lenye namba kubwa ubavuni, bomba la moshi linanguruma hadi mama wa vitumbua anaziba masikio, halafu naondoka kwa mwendo wa baiskeli. Mara nyingine hata huo wa baiskeli ulinishinda. Kwenye mteremko mmoja wa njia ya Sitalike, mzee aliyebeba magunia ya mkaa kwenye baiskeli alinipita, akageuka, akaniuliza, "Dereva, hiyo ni ya mashindano au ya msiba?" Nikamjibu ni ya msiba, nampeleka mkwe wake kuzikwa. Utani ulikuwa wa kujikaza tu, maana ukweli uliniuma.

Nilikuwa nafika Sitalike, navuka daraja, naingia kidogo kwenye barabara inayokata hifadhi, kisha nageuza. Huko ndiko nilikojifunza kuhusu mbung'o. Mbung'o wa Katavi hawawezi gari linalokimbia. Linalotembea polepole wanalifuata, wanaingia dirishani, wanakung'ata juu ya suruali nzito na wewe huwezi kuachia usukani wala kuongeza mwendo kwa sababu injini bado mbichi. Nilirudi mjini nimevimba mabega. Mwenzangu, pamoja na kuendesha gari lile kuliko mimi, hakuwahi kung'atwa na mbung'o hata mmoja ndani yake, na jambo hilo nilikuwa nimeshalichukulia kama tusi.

Wakati mwingine niliegesha karibu na daraja ili injini ipoe, nikatazama viboko. Kiangazi maji yanapoisha wanabanana kwenye tope, mgongo kwa mgongo, wanakoromeana na kusukumana kutwa. Niliwaonea wivu. Angalau wao walikuwa na wa kugombana naye. Mimi nilikuwa nikitoka kazini narudi Misunkumilo kwenye chumba changu, nawasha jiko, na hakuna aliyeniuliza nimeshindaje. Nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungushia neno hilo mapambo.

Aliyekuwa ananipunguzia upweke huo ni huyohuyo mwenzangu. Bosi alimtoa kwenye malori. Kwao walihamia huku na ng'ombe kutoka Shinyanga, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Mimi ni Mkonongo wa hapahapa, na Wasukuma na sisi tunataniana. Siku ya kwanza aliingia gereji, akanitazama nikiwa chini ya gari, akasema, "Kumbe Wakonongo mnajua na magari? Mimi nilidhani nyie ni mizinga ya nyuki tu." Nikamwuliza ng'ombe wake amewafunga wapi, wasije wakala ovaroli zetu. Tangu hapo akawa ananiita mtani, na mchana tulikula ugali sahani moja kwa mama lishe wa nyuma ya gereji. Alikula anavyoendesha. Ukichelewa kunawa unakuta mchuzi tu.

Kwenye gari alikuwa hodari, siwezi kumnyima. Alichelewa kushika breki mpaka watu wakafumba macho, na aliisemesha injini Kisukuma, kwa matusi nadhani. Alishinda mara kadhaa mbio za hapa mkoani. Alirudisha gari linatoa mvuke, bosi anashusha injini, inafungwa upya, mimi nachukua ufunguo na kwenda Sitalike. Yeye anavunja, mimi nalainisha. "Mtani anaendesha kama amebeba asali kwenye ungo," alikuwa anawaambia mafundi, nao wanacheka, na mimi nacheka. Lakini rohoni nilikuwa nakitaka kiti kile. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na yeye alijua, na ndiyo maana alitania sana kuhusu jambo hilo.

Ndipo likaja shindano la Tabora. Lilikuwa la watu wa mikoa mingi, na bosi alitaka jina. Akatuita, akasema kwamba kuanzia sasa dereva wa mbio atapatikana kwa kupimwa na si kwa mazoea. Tutajaribiwa kwenye shamba la Misunkumilo lililokuwa limevunwa. Gari lilelile, njia ileile. "Saa ndiyo itakayoamua," alisema. "Mimi sitaingiza mkono."

Alianza mwenzangu. Vumbi lilipanda mpaka mahindi ya jirani yakabadilika rangi. Mimi nilipoingia niliendesha bila kelele. Ile injini nilikuwa nimekaa nayo peke yangu siku nyingi, nilijua inapoanza kuvuta na inapojifanya inavuta. Sikuwahi kuikimbiza kabla ya siku ile, lakini nilijua. Niliposimama, fundi mkuu alitazama simu iliyokuwa inapima muda, akatazama tena, akampa bosi. Nilikuwa nimemshinda, na haikuwa kwa kubahatisha. Mwenzangu alikuwa wa kwanza kunifikia. Akanitoa kwenye gari akinishika mabega. "Mtani umenikalisha," alisema. "Leo umenikalisha chini kabisa." Bosi alitia simu mfukoni akaondoka.

Kesho yake, tukiwa tunakunywa chai, akatangaza kwamba Tabora ataendesha mwenzangu. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Bosi, si ulisema saa ndiyo itaamua?"

"Saa nimeiona." Hakukasirika. Alikuwa na sauti ya mtu anayekupa habari njema. "Sasa nikikupa wewe kiti, injini ijayo atalainisha nani? Huyu? Si ataiua kabla haijatoka Majengo. Madereva wa kukimbia nawapata popote. Wewe nakupata wapi?"

Mafundi waliitikia kwa vichwa. Iliwaingia akilini. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anakoroga chai iliyokwisha kuyeyuka sukari. Nilikuwa sitaki mengi kutoka kwake, nilitaka aseme tu, lakini bosi, jana si alinishinda? Aseme hivyo, hata kama isingesaidia. Aliendelea kukoroga. Mchana ule nilikula kabla yake, na siku iliyofuata yeye akala kabla yangu, na sahani ikawa mbili.

Injini ya Tabora niliilainisha mimi. Watu wamewahi kuniuliza kwa nini sikugoma. Ningegoma ningeenda wapi na mkono huu? Nilikwenda Sitalike na kurudi, nikang'atwa na mbung'o wangu, nikaikabidhi ikiwa laini. Gari lilipandishwa kwenye lori. Nafasi yangu kwenye lori, nikaambiwa, imejaa matairi.

Siku ya mbio ilikuwa Jumapili. Nilitoka kanisani nikapitia gereji, nikafungua mlango mmoja, nikakaa kwenye kiti cha abiria kile kilichong'olewa, ambacho tulikitumia kama kochi. Simu ikaita. Alikuwa bosi, na nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na spika.

"Magari yako kwenye mstari," alisema. "Nataka usikilize tu uniambie inalia vizuri." Akaisogeza simu kwenye injini.

Nikasikiliza. Nilikuwa nimeizoea sauti ile kama unavyozoea pumzi ya mtu mnayelala chumba kimoja. Na chini ya mngurumo nikasikia kitu. Kidogo, kikavu, kinachokuja mafuta yakiachiwa.

"Mwambie akanyage halafu aachie."

Akakanyaga, akaachia. Nikasikia tena.

"Inagonga, bosi. Zima."

"Inagonga wapi? Mimi nimesimama hapahapa, siisikii."

"Chini, kwenye beringi. Zima, itavunjika."

Bosi aliondoa simu mdomoni. Kisha nikamsikia akisema na mtu mwingine, hakujua simu bado inachukua, "Huyu wivu unamsumbua." Kukawa na mkwaruzo, na sauti ikabadilika. Mwenzangu alikuwa ameichukua simu.

"Mtani, kweli?"

"Kweli."

Nilimsikia anahema. Halafu simu ikakatika.

Nilikaa pale muda. Nilianza kujiuliza kama nimesikia injini au nimesikia jenereta la mwenye spika. Niliwaza pia kama masikio ya mtu yanaweza kusikia kile moyo unachotaka. Nikalikataa wazo hilo, na bado nalikataa. Mimi nilisikia. Jioni nilimpigia bosi, hakupokea. Fundi mkuu akanitumia ujumbe wa maneno machache: gari limemaliza, limekuwa la pili.

Limemaliza. Hilo ndilo lililonimaliza mimi. Injini iliyosemwa itavunjika ilizunguka mizunguko yote ikarudi Mpanda nzima. Nilimwomba bosi aifungue tu tutazame beringi. "Injini iliyomaliza mbio naifungulia nini?" alisema, na haikupita muda akamwuzia mtu wa Inyonga, ikaenda zake na siri yake kama ilikuwa nayo.

Gereji nzima ikaamua kwamba niliongea kwa wivu. Hawakunichukia. Walinitania, na utani wao ulikuwa mbaya kuliko chuki. Fundi anaweka simu kwenye jiko la mama lishe, ananiita, "Kaka, hebu sikiliza, na hili linagonga?" Mwingine anaiweka kwenye tumbo lake kabla ya chakula. Ningekuwa na akili ningecheka yakaisha. Mimi nina hasira za karibu, nilirusha spana, na baada ya hapo wakaendelea kwa bidii zaidi.

Mwenzangu hakunitania. Ndicho nilichokiona kigumu. Aliacha kuniita mtani, akaanza kuniita kaka. "Habari za asubuhi, kaka." "Samahani kaka, naomba hiyo jeki." Asiyetoka kwetu anaweza kuona ni adabu. Sisi tunajua kwamba mtani akianza kukuheshimu, mmeachana. Nilisubiri hata tusi moja la nyuki. Masika yakaja, yakaisha, mahindi yakavunwa, akashinda mbio nyingine, mimi nikalainisha injini nyingine, na kila asubuhi alinisalimia vizuri kabisa. Wakati huo nilianza kuongea peke yangu ndani ya gari. Nilikuwa namtukana yeye na kumjibia.

Kisha zikaja habari kwamba timu moja ya Mwanza imemchukua. Nilizisikia kwa mama lishe, si kwake. Siku ya kuondoka alipita gereji kurudisha ovaroli. Bosi alikuwa hajafika. Alisimama na begi lake, akanipa mkono, na badala ya kuuachia akaushika.

"Nisindikize stendi," alisema.

Tukaenda kwa miguu, mimi nimebeba begi. Tulipita Majengo yote. Tulipofika stendi, basi lilikuwa bado linapakia, akaniambia akiwa anatazama matairi ya basi.

"Tabora niliendesha kama wewe."

"Unasemaje?"

"Uliposema kweli, nilikuamini. Nikamrudishia bosi simu, nikamwambia mtani ana wivu, twende. Halafu nikaenda bila kuivuta. Nilikuwa nabadilisha gia mapema, naachia mafuta polepole, vile unavyofanyaga. Yule wa kwanza nilikuwa naona mgongo wake mpaka mwisho. Ningekanyaga ningempita. Sikukanyaga."

Nilishindwa kushusha begi. "Sasa kwa nini hukuzima?"

"Ningezima kwa neno lako, bosi angekufukuza siku ileile. Ungemwambia nini?"

"Na mwaka mzima huu? Wananiwekea simu kwenye masufuria, wewe umekaa unaniita kaka?"

Hapo akanitazama. "Ningeanzaje? Siku ya kiti nilinyamaza. Mtu aliyenyamaza siku ile, kesho aje akwambie amekulinda? Ungenitemea mate."

Ningemtemea, ni kweli. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sijui ni kipi kilikuwa kikubwa. Nikamwuliza kitu ambacho kilikuwa kimeninyima usingizi. "Ilikuwa inagonga?"

"Sijui, mtani. Mimi sikusikia kitu. Nilikuamini tu."

Alisema mtani. Nikamwambia kumbe Tabora nzima ilimwona Msukuma akibeba asali. Akasema ndiyo maana akawa wa pili, angeachiwa aswage ng'ombe wake angekuwa wa kwanza. Tukacheka pale stendi mpaka utingo akatutazama. Kisha utingo akagonga ubavu wa basi, mwenzangu akapanda, na kiti chake kilikuwa upande ule mwingine, kwa hiyo sikumwona tena.

Bosi alinipa ufunguo wiki hiyohiyo. Hakusema lolote kuhusu saa wala kuhusu wivu. Alisema hajapata mtu mwingine wa kulainisha, kwa hiyo nitafanya yote, nalainisha mwenyewe nakimbia mwenyewe. Nimepata kiti nilichokitaka. Mchana nakula kwa mama lishe sahani yangu, namaliza mchuzi wangu kwa muda ninaotaka.

Msimu huu nilikuwa kwenye mstari, hapahapa Misunkumilo, magari yamejipanga, watu na miavuli yao. Nikakanyaga, nikaachia. Chini ya mngurumo nikasikia kitu kidogo, kikavu. Nikamwita bosi, akaingiza kichwa dirishani akasikiliza.

"Hamna kitu," alisema. "Unaogopa tu."

Huenda niliogopa. Simu ilikuwa kwenye ovaroli, lakini Mwanza nao walikuwa na mbio Jumapili ile, na simu ya mwenzangu ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Nilikanyaga tena nikaachia, nikasikiliza, nikatazama nyuso zilizokuwa karibu na gari, mafundi wote ninaowajua. Hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Mtu wa bendera akainua mkono, nami nikatia gia.